Barua ya wazi: Majibu ya damu ya wagonjwa wa dayalisisi yapate mtu wa kuyasoma

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vitengo vya figo na wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya.

Waheshimiwa, salamu kwa heshima zote.

Mimi ni mtu wa maabara. Napokea mirija ya damu, naipima, natoa majibu. Wagonjwa wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa sababu figo zao zimeshindwa, siwaoni sura, nawajua kwa namba za faili tu. Hata hivyo, ukipima damu ya mtu yule yule mwezi baada ya mwezi unaanza kumjua. Unaiona albumini yake, ile protini kuu ya damu, ikiwa gramu 41 kwa lita, halafu 39, halafu 36, na kila mara unatuma jibu bila kupigiwa simu hata moja ya kuuliza chochote. Simu hulia potasiamu, madini ambayo yakizidi yanaweza kusimamisha moyo, inapofika 7. Hapo kila mtu hukimbia, na ni haki wakimbie. Albumini inayoshuka kidogo kidogo haimshtui mtu. Nayo pia ni habari ya kifo, ila inatembea polepole.

Nawaandikia ninyi, sio madaktari wala wauguzi, kwa sababu daktari mwenye wagonjwa wengi kuliko saa zake hana nafasi ya kukaa na kuyapanga majibu ya miezi sita sambamba akayalinganisha. Wa kumpa nafasi hiyo ni ninyi. Ombi langu ni moja, na mengine yote yanazaliwa nalo: kila kipimo cha damu tunachokifanya ili kujua nani yuko hatarini kiwe na mtu anayewajibika kukisoma, na hatua inayojulikana ya kuchukua. Kama hatua haipo, tusipime. Huko ni kumpunguzia damu mtu ambaye damu yenyewe anayo haba.

Habari ya albumini si ngeni. Mwaka 1990, Lowrie na Lew wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa dayalisisi zaidi ya 12,000. Hawakutumia kipimo chochote cha ajabu. Walichukua vipimo vile vile vinavyofanywa katika kila kitengo, wakatafuta ni kipi kinachotangulia kuonyesha nani hatafika mbali. Albumini ndiyo iliyojitokeza kuliko vyote. Mwaka 1993 Owen na wenzake wakachapisha uchambuzi mwingine wa wagonjwa 13,473. Ukilinganisha na wenye albumini ya gramu 40 hadi 44 kwa lita, waliokuwa na 35 hadi 39 uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 1.48, na waliokuwa na 30 hadi 34 ulikuwa mara 3.13.

Naomba msimame kidogo kwenye hiyo 35 hadi 39. Fomu nyingi za maabara huandika kwamba kiwango cha kawaida cha albumini huanzia 35. Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye 37 jibu lake hutoka bila nyota, bila wino mwekundu, bila alama yoyote ya kumwambia msomaji asimame. Kiwango hicho kimetokana na watu wenye afya zao. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu anayeunganishwa na mashine mara 3 kwa wiki. Kwa hiyo fomu inasema "kawaida" kuhusu mtu ambaye tafiti zinasema hatari yake imeshapanda. Kusahihisha jambo hili hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuagiza kwamba majibu ya kitengo cha dayalisisi yawe na mpaka wake wa tahadhari, na kwamba jibu la leo litoke pamoja na majibu yaliyotangulia ili mteremko uonekane.

Sasa, kwa nini albumini hushuka? Hapa ndipo mambo yanapoharibika hata pale majibu yanaposomwa. Jibu la haraka ni "mgonjwa hali chakula cha kutosha". Mgonjwa anaambiwa aongeze protini, ndugu zake wanalaumiwa, faili linafungwa. Ni kweli kwamba wengi wao hawali vya kutosha. Mwongozo wa lishe wa KDOQI, mpango wa Marekani wa miongozo ya figo, wa mwaka 2020 unataka mgonjwa wa dayalisisi aliye imara apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kila kikao cha mashine humwondolea gramu kadhaa za asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini. Lakini mwili ukiwa kwenye hali inayoitwa mchochota, yaani kinga inapigana muda wote hata pasipo homa wala kidonda, ini hupunguza kutengeneza albumini na kuhamia kutengeneza protini nyingine za vita. Mtu anaweza kula vizuri na albumini yake ikaendelea kushuka. Tena mwenye maji mengi mwilini albumini yake husomeka chini kwa sababu damu imezimuliwa, na kinachohitaji kuangaliwa hapo ni uzito wake mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa, sio sahani yake. Wanaosafishwa kwa njia ya tumbo nao hupoteza protini kwenye yale maji kila siku, hivyo namba zao huwa chini kiasi na hazifai kusomwa kwa kipimo cha walio kwenye mashine.

Ndiyo maana albumini peke yake haitoshi kumwambia daktari aende upande gani. Ikiandamana na CRP, ile protini inayopanda mwili unapopigana, picha huanza kueleweka. Mwaka 1999 Zimmermann na wenzake wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 280 waliofuatiliwa kwa miaka 2. Karibu nusu yao CRP ilikuwa juu ilhali maambukizi ya wazi hayakuonekana, na waliokuwa nayo juu walikufa zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Albumini iliyo chini pamoja na CRP iliyo juu inamwambia mtu atafute moto unakowaka. Albumini iliyo chini na CRP iliyotulia inamwambia aangalie chakula, maji mwilini, na protini inayopotea. CRP ni kipimo cha bei ndogo ukilinganisha na gharama ya kikao kimoja cha mashine. Ajabu ni kwamba vitengo vingi huipima mgonjwa akishapata homa tu, yaani pale ambapo mtu hahitaji tena kipimo ili kujua kuna moto.

Na moto huo huwaka wapi? Mara nyingi mahali ambapo maamuzi yake yako mezani kwenu. Katheta ya shingoni, yaani mrija wa kutolea damu, iliyowekwa kwa muda na ikakaa mwaka mzima kwa sababu foleni ya upasuaji wa fistula, ile njia ya damu ya kudumu ya mkononi, haisogei ni mlango wa vijidudu uliobaki wazi. Kipande cha mshipa bandia kilichokufa na kuachwa mkononi kinaweza kuficha maambukizi miezi na miezi. Figo iliyopandikizwa ikashindwa, ikaachwa tumboni, nayo inaweza kuwa chanzo. Fizi mbovu pia, na sijui ni vitengo vingapi vyenye utaratibu wa kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa meno. Halafu kuna maji. Mashine inayopitisha mililita 500 za maji ya dayalisisi kwa dakika, kwa saa 4, hutumia lita 120 katika kikao kimoja, na kati ya maji hayo na damu ya mgonjwa kuna utando mwembamba tu. Mabaki ya bakteria yakiwemo kwenye maji hayo, vipande vyake vidogo hupenya na kuiamsha kinga. Kitengo kizima kinaweza kuwa na CRP za juu kwa sababu vichujio vya chumba cha maji havikubadilishwa. Mkiona wagonjwa wengi wa zamu moja wamepanda pamoja, msiwaulize wamekula nini. Ulizeni taarifa ya vipimo vya maji, na muulize ni nani aliyeisaini.

Niseme jambo moja la ndani ya maabara ambalo wakubwa wengi hawalijui, na sioni kosa lao, maana sisi wenyewe hatulisemi. Albumini hupimwa kwa rangi. Kuna mbinu inayotumia bromokresoli ya kijani na nyingine inayotumia ya zambarau, na hazitoi namba ile ile. Ya kijani hushika pia protini nyingine zisizo albumini, hivyo husoma juu zaidi, na tofauti yao inaweza kufika gramu kadhaa kwa lita. Hebu fikirieni: ofisi ya manunuzi inabadilisha mzabuni, dawa za maabara zinakuja za mbinu nyingine, na kwa mwezi mmoja wagonjwa wote wa kitengo "wanapona" au "wanazidiwa" bila chochote kutokea kwenye miili yao. Mkuu wa kitengo anapongezwa au anaitwa kujieleza kwa sababu ya rangi ya dawa. Nimeshaona mabadiliko ya aina hii yakipita bila hata karatasi ya taarifa. Naomba jina la mbinu liandikwe kwenye kila jibu, na mkataba wa dawa za maabara usibadilishwe kabla kitengo cha figo hakijaarifiwa. Wala msilinganishe hospitali mbili kwa albumini kabla ya kuuliza swali hilo.

Kuna na uchukuaji wa damu wenyewe. Kipimo cha urea baada ya kikao, ambacho ndicho kinachotupa kiasi cha usafishaji, hutegemea muuguzi kupunguza kasi ya pampu kwanza, akangoja kidogo, ndipo akavuta damu. Akiivuta pampu ikiwa kwenye kasi yake, damu iliyokwisha kusafishwa inaweza kuchanganyika na sampuli, urea ikasomeka chini, na karatasi ikaonyesha mgonjwa amesafishwa vizuri kuliko alivyosafishwa. Kile kiwango cha chini cha Kt/V, namba inayopima kiasi cha usafishaji, cha 1.2 kwa kikao, chenye lengo la 1.4, kitakuwa kimefikiwa kwenye karatasi tu. Mrija wa potasiamu nao ukikaa masaa mezani kabla ya kuletwa, chembe nyekundu huvujisha potasiamu na jibu hupanda kwa uongo. Haya ni mambo ya mafunzo na ya mtu wa kubeba mirija kwa wakati. Mkipunguza mbeba mirija ili kubana matumizi, mmeharibu jibu kabla halijafika kwangu.

Nirudi kwenye hatari. Kitu kinachowachanganya wengi, hata madaktari ambao si wa figo, ni kwamba kwa wagonjwa hawa namba nyingine zina maana iliyogeuka. Kriatinini, taka inayotokana na misuli, ikiwa chini kabla ya kikao, jambo ambalo kwa mtu mwingine ni habari njema, kwa mgonjwa wa mashine mara nyingi huashiria kwamba misuli imekwisha, na wenye kriatinini ya chini hufa zaidi. Kolesteroli ya chini vivyo hivyo. Wembamba vivyo hivyo. Mtu akipungua kilo na kolesteroli yake ikateremka, usiharakishe kumpongeza. Kwanza uliza kwa nini.

Hapo pia pana onyo ambalo ningependa wasimamizi wa bima walisome mara mbili, kwa sababu ninyi mnapenda kulipia namba. Kipimo kinachotabiri kifo si lazima kiwe ndicho kinachokisababisha, na kukisukuma kwa dawa hakumwokoi mtu moja kwa moja. Historia ya dayalisisi imejaa mifano ya jambo hili, na ilijifunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani lililowahusisha wagonjwa 1,233 wa mashine wenye ugonjwa wa moyo. Nusu moja ilipewa dawa ya kuongeza damu mpaka himatokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikaribie ya mtu mzima wa afya, asilimia 42, na nusu nyingine ikabakizwa kwenye asilimia 30. Kabla ya hapo kila aliyetazama takwimu alikuwa ameona kwamba wenye damu nyingi huishi zaidi. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake: upande uliopandishwa ulikuwa na vifo 183, upande wa pili 150. Na bado, ndani ya kila kundi, wenye himatokriti ya juu ndio waliokufa kidogo. Yaani namba ilikuwa inasema kweli kuhusu nani yuko imara, lakini kuisukuma juu kwa nguvu hakukumpa mtu uimara huo.

Kolesteroli imetufundisha somo hilo hilo kutoka upande mwingine. Katika jaribio la 4D, lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 1,255 wa kisukari walio kwenye mashine walipewa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, au kidonge kisicho na dawa. Kolesteroli mbaya ilishuka kwa asilimia 42. Vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na kiharusi, vikijumlishwa pamoja, havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2009 jaribio la AURORA, lenye wagonjwa 2,776 na dawa ya rosuvastatini, lilifika mahali pale pale. Albumini yenyewe, mtu akimtundikia mgonjwa chupa za albumini ili namba ipande, atapata namba iliyopanda kwa siku chache na mgonjwa yule yule. Kwa hiyo msije mkatoa agizo la kwamba kitengo kilipwe kwa asilimia ya wagonjwa wenye albumini zaidi ya 40. Nawajua watu, na mimi ni mmoja wao: wataanza kuwakwepa wagonjwa dhaifu, au watabadilisha mbinu ya kupima. Lipieni hatua. Katheta imeondolewa lini, mtaalamu wa lishe amemwona mgonjwa ndani ya muda gani, maji yamepimwa mara ngapi.

Ninajua pia kwamba mezani kwenu huja wauzaji wa vipimo vipya. Troponini kwa ajili ya moyo, homoni ya FGF23 kwa ajili ya madini, na alama zinazochanganya vipimo vingi zikitoa namba moja ya hatari. Sina ugomvi na sayansi. Troponini iliyo juu kwa mgonjwa wa mashine asiye na maumivu ya kifua kweli inaashiria hatari ya kufa, tafiti za miaka ya mwanzoni mwa 2000 zilishaonyesha hivyo, na katika kuamua kama mtu anapata mshtuko wa moyo leo inabidi tujue ile yake ya kawaida ilikuwa ngapi. Lakini kabla ya kununua kipya, angalieni kilichopo bure. Kwenye kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho wagonjwa wengi hufanyiwa kila mwezi, kuna idadi ya chembe nyeupe za neutrofili na za limfosaiti. Gawa ya kwanza kwa ya pili, na utapata uwiano ambao ukiwa juu huendana na mchochota na vifo vingi zaidi kwa wagonjwa wa dayalisisi. Hauna gharama hata ya mrija mmoja wa ziada. Si kipimo cha kutegemea peke yake, maana hata msongo na dawa za steroidi huupandisha. Nauleta kama ushahidi kwamba taarifa tunazo nyingi kuliko tunazosoma.

Fosfeti sitaizungumzia sana kwa sababu hiyo angalau husemwa kila siku, wakati mwingine kwa ukali usio na maana kwa mgonjwa. Potasiamu nitaigusa kwa jambo moja tu. Wagonjwa wa ratiba ya mara 3 kwa wiki wana pengo moja refu la siku 2 mfululizo bila mashine kila wiki. Mwaka 2011 Foley na wenzake walichambua wagonjwa 32,065 wa Marekani: siku inayofuata pengo hilo refu vifo vilikuwa 22.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na siku nyingine 18.0. Mgonjwa hakujipangia pengo hilo. Limetokana na kalenda ya wiki na zamu za wafanyakazi. Kama kitengo hakiwezi kuongeza kikao cha nne, basi angalau damu ya potasiamu ichukuliwe mwanzoni mwa kikao cha kwanza baada ya pengo, na mgonjwa mwenye potasiamu ya juu asiwe wa mwisho kwenye foleni ya siku hiyo. Na ichukuliwe siku hiyo hiyo kila mwezi. Nikiletewa mwezi huu damu ya baada ya pengo refu na mwezi ujao ya katikati ya wiki, silinganishi kitu.

Sasa nifike kwenye hofu yangu, ambayo ndiyo iliyonichelewesha kuandika. Ukimpa mwenye mamlaka orodha ya wagonjwa walio karibu na kifo, anaweza kuitumia kuwahudumia zaidi, na anaweza kuitumia kuamua nani asipewe mashine. Jambo hili lilishatokea. Daktari Scribner alipotengeneza mrija wake wa kuunganisha mishipa ya mgonjwa na mashine huko Seattle, Marekani, mwaka 1960, kwa mara ya kwanza mtu aliyeharibikiwa figo kabisa aliweza kuishi kwa mashine kwa miaka. Clyde Shields, mgonjwa wake wa kwanza, aliishi miaka 11. Mashine zilikuwa chache, na kituo kilichofunguliwa mwaka 1962 kiliunda kamati ya watu wa kawaida iliyochagua nani apate nafasi. Walitazama ndoa ya mtu, kazi yake, mchango wake kanisani. Leo hakuna atakayethubutu kuandika vigezo hivyo kwenye karatasi. Lakini albumini inaonekana safi, ya kisayansi, haina upendeleo. Katika mikono isiyo na huruma inaweza kufanya kazi ile ile, tena bila mtu kuona aibu.

Kisayansi pia ingekuwa kosa. Namba hizi zinaeleza kundi. Watu 100 wenye albumini ya 32 watakufa zaidi ya watu 100 wenye 41, hilo halina ubishi, ila haziniambii huyu mmoja mwenye 32 ataishi miezi mingapi. Wengine wana katheta iliyooza, ikitolewa wanafufuka. Mtu wa aina hiyo ndiye anayehitaji kitanda, na ndiye wa kwanza kuondolewa kama orodha itasomwa kinyume. Kwa hiyo naomba liandikwe wazi kwenye mwongozo wowote mtakaoutoa, kwamba kipimo cha damu kisitumike kumnyima au kumwachisha mtu dayalisisi.

Kuna matumizi mengine ya habari hizi ambayo ni ya heshima, nayo ni mazungumzo. Mwaka 2008 Moss na wenzake walichapisha matokeo ya swali moja ambalo madaktari walijiuliza kuhusu wagonjwa 147: je, ningeshangaa mgonjwa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Kati ya wale ambao daktari alisema hangeshangaa, asilimia 29.3 walikuwa wamekufa mwaka ulipoisha. Kati ya wengine ni asilimia 10.6. Miaka 2 baadaye Cohen na wenzake waliliunganisha swali hilo na umri, albumini, ugonjwa wa kusahau na ugonjwa wa mishipa ya miguu, wakapata njia ya kukadiria miezi 6 ijayo. Mgonjwa akijulikana yuko hatarini kiasi hicho, ana haki ya kukaa na daktari wake pamoja na jamaa zake, mlango ukiwa umefungwa, aseme mwenyewe anataka nini: aongezewe vikao, apunguziwe maumivu, amalize jambo lake fulani. Mazungumzo hayo yanahitaji nusu saa na chumba. Ni vitengo vingapi mlivyovijenga vikiwa na chumba cha namna hiyo?

Na mgonjwa mwenyewe apewe majibu yake. Wengi hupewa potasiamu na fosfeti kwa sababu hizo hutumika kuwakaripia. Albumini na CRP hawazisikii kamwe. Mtu mwenye akili zake, anayekaa saa 4 akitazama damu yake ikizunguka nje ya mwili, anaweza kuelewa mchoro wa miezi sita akiuona. Wapo watakaouliza maswali yatakayotusumbua. Ndiyo faida yenyewe.

Kama mtataka kuanza mahali, anzeni na kitengo kimoja. Karatasi moja kwa kila mgonjwa, yenye albumini, CRP, uzito mkavu na aina ya njia ya damu kwa miezi sita, na chini yake jina la mtu aliyeisoma na alichoamua kufanya. Muuguzi mwandamizi mmoja akipewa nusu siku kwa wiki bila kupangiwa zamu anaweza kuibeba kazi hiyo. Msimwongezee juu ya zamu alizonazo, kwa sababu itakufa mwezi wa pili.

Nakala ya barua hii nimempa msimamizi wangu wa maabara. Kuandika jina la mbinu ya albumini kwenye fomu, na kuweka mpaka wa tahadhari kwa wagonjwa wa dayalisisi, amesema ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wake na atayashughulikia. Ya katheta, ya maji, ya ratiba na ya muuguzi hayako mikononi mwake.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara